Nyumba ipo, ukurasa haupo: kisa cha 404 ya shangazi Lamu

Mwezi wa sita, kusi inavuma kwelikweli na mashua za kutoka Manda zinarusha maji mpaka kwenye mabegi ya watu, shangazi yangu akanipigia simu saa mbili usiku. Na shangazi si mtu wa kupiga simu, yeye ni mtu wa voisinoti za dakika nne nne. Hata salamu hatukumaliza. "Mwanangu, kuna Mjerumani aniuliza kama nimefunga nyumba. Kwani nimefunga?" Nikamwambia shangazi, si wewe ndo uko hapo, wewe ndo wajua. Akasema, "Bas yeye yuwasema mtandao wamwambia sipo."

Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Ana nyumba ya wageni Mkomani, nyumba ya mawe ya zamani yenye daka lake mlangoni na zidaka zake ukutani, vyumba sita tu, na mwezi wa sita Lamu si msimu wa kuchezea mgeni hata mmoja. Nikamwambia anitumie skrinishoti ya huyo Mjerumani. Ikaja: peji nyeupe pe, maandishi meusi ya Kiingereza, kichwa kinasema haikupatikana, ndo hiyo inayoitwa kosa la 404, chini yake sentensi mbili. Ya kwanza inasema anwani uliyoomba haipo kwenye seva hii, yaani kompyuta inayohifadhi saiti. Ya pili inasema tena juu ya hilo kumetokea kosa jingine la 404 wakati seva ikijaribu kutumia ErrorDocument kushughulikia ombi lako. Sasa wewe mtu uko Ujerumani unatafuta pa kulala Lamu, umeskia habari mbili tatu za pwani, unafungua websaiti unakutana na hiyo kitu, utafikiri nini? Utafikiri watu wamefunga biashara wameondoka.

Hapa lazima niseme ukweli, kosa lilikuwa langu. Websaiti ya kwanza alitengenezewa miaka mingi nyuma, faili za HTML tupu, vyumba.html, bei.html, unesco.html iliyokuwa inaeleza mji mkongwe wa Lamu ulivyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na ramani ya kufika kwa PDF. Ilikuwa saiti ya kizamani yenye rangi za kuumiza macho lakini ilikuwa inafanya kazi. Mwaka jana mimi nikajitia kidomo, nikamwambia shangazi nitakutengenezea mpya bure, nikapanga folda zangu vizuri, /malazi/, /gharama/, /kufika/, /mji/, nikafuta za zamani zote nikajiona fundi. Kitu nilichosahau ni kwamba zile anwani za zamani zilikuwa zimeshatoka nyumbani zikaenda kuishi kwa watu. Ziko kwenye vipeperushi vyenye kodi ya QR, ziko kwenye barua pepe ambazo shangazi amewatumia wageni miaka na miaka, ziko kwenye maandishi ya wasafiri waliolala kwake wakaenda kwao wakasifu samaki wa kupaka wakaweka linki. Huwezi kuzifuata zote ukazirekebisha moja moja.

Turudi kwa ile sentensi ya pili manake watu wengi wanairuka na ndo yenye habari. Kosa la 404 peke yake linasema tu kitu hakipo. Sentensi ya pili inasema seva ilishaambiwa na mtu, ukikosa kitu onyesha faili fulani, ndo amri ya ErrorDocument hiyo, ikaenda kuitafuta hiyo faili, nayo haipo. Yaani umekosa mara mbili. Hosti nyingi, yaani kampuni za kukodisha seva, zenye cPanel, ile paneli ya kusimamia saiti, ziko hivyo, zimeshapangwa tangu mwanzo kwamba 404 itafute faili inaitwa 404.shtml kwenye public_html, folda kuu ya saiti, na kama wewe hujaiweka basi mgeni anapata aibu mbili kwa pamoja. Kwa hivyo ukiiona sentensi hiyo furahi, nusu ya kazi ishafanywa, kilichobaki ni kuweka faili.

Bas nikafanya njia ya mkato. Ndani ya cPanel kuna sehemu ya peji za makosa, unachagua namba, 400, 401, 403, 404, 500, inakufungulia kisanduku unaandika HTML, ukihifadhi inatengeneza faili ya .shtml kwa jina la hiyo namba. Kuna na vitufe vya kupachika vitu kama anwani aliyoomba mgeni, IP yake, brauza yake. Mimi sikuvitaka, mgeni aliyepotea ukimwonyesha IP yake atadhani ameingia kituo cha polisi. Nikaweka nembo, picha ya baraza, maneno ya kukaribisha, linki ya kurudi mwanzo. Nikajaribu kwa kuandika anwani ya uongo baada ya jina la saiti, ikatoka peji nzuri. Nikamtumia shangazi linki, akajibu mashallah, nikalala.

Asubuhi akanitumia skrinishoti nyingine, na hii ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Peji imetoka lakini iko uchi, hakuna rangi, hakuna picha, linki za bluu zimepangana kama orodha ya mahamri ya mkopo. Yeye alikuwa amejaribu anwani ya ndani kidogo, kitu kama /malazi/chumba-cha-juu. Hapa ndo pana mtego ambao humnasa karibu kila mtu mara ya kwanza. Peji ya kosa inapotolewa, anwani kwenye brauza haibadiliki, inabaki ile ile aliyoomba mgeni. Kwa hivyo kama kwenye HTML umeandika css/mtindo.css, faili ya rangi na mpangilio, bila mkwaju (/) mbele, brauza inahesabu kuanzia pale mgeni alipo, inaenda kuitafuta /malazi/css/mtindo.css, na hapo hakuna kitu, na hiyo nayo inazaa 404 yake nyingine. Mimi nilijaribu anwani ya juu kabisa tu, pale hesabu inatoka sawa kwa bahati. Dawa ni kuanza kila njia na mkwaju, /css/mtindo.css, /picha/baraza.jpg, na linki zote vilevile. Au uandike CSS ndani ya peji yenyewe uepukane na mashaka, mwisho wa kisa mimi nilifanya hivyo.

Sasa ingekuwa nimeishia hapo kungekuwa na afadhali. Lakini mimi nikasumbuliwa na ile anwani mbovu kubaki pale juu kwenye brauza, nikaona si nadhifu, nikataka mgeni aone anwani safi ya peji ya karibu. Nikafungua .htaccess, faili ya maagizo kwa seva, hiyo inaanza na nukta kwa hivyo kwenye kidhibiti cha faili huioni mpaka uende kwenye mipangilio uruhusu faili zilizofichwa, nikaandika mstari wenye anwani nzima:

ErrorDocument 404 https://saiti-ya-shangazi/karibu.html

(jina la kweli silitaji.) Ikafanya kazi vizuri mno. Ukikosea anwani yoyote unapelekwa peji nzuri, anwani safi, picha zote zipo. Nikaona kumbe nilikuwa najisumbua bure.

Wiki tatu baadae nikaingia Google Search Console, pale Google inapokuonyesha inavyoiona saiti yako, kwa shughuli nyingine kabisa, nikakuta baadhi ya anwani za zamani zimeorodheshwa kuwa ni soft 404, 404 laini, yaani Google inashuku kuwa hakuna kitu pale lakini seva inasema kipo. Na bei.html ya zamani bado inatokea kwenye matokeo ya utafutaji ikiwa na bei za enzi hizo. Nikafungua Termux, programu ya kuandikia amri, kwenye simu nikaandika curl -I na anwani ya uongo, hiyo inakuonyesha majibu ya seva bila mapambo. Nikaona 302. Nikafuata pale inaponipeleka, nikaona 200.

Hili ndo jambo lenyewe hasa la kisa hiki. Ukiipa Apache, ndo programu inayoendesha seva yetu, njia ya ndani, inayoanza na mkwaju, inatoa ile peji na namba inabaki 404. Ukiipa anwani nzima yenye https, hata kama ni saiti yako wewe mwenyewe, Apache haitoi peji, inamwambia mgeni nenda kule. Hiyo ni 302. Mgeni anaenda kule anakuta peji ipo kweli, inajibu 200, mambo sawa. Ile 404 imepotea njiani, hakuna aliyeiona. Ni kama umepiga hodi nyumba ya fulani, fulani kahama, badala ya kuambiwa kahama unashikwa mkono unapelekwa nyumba ya jirani, unakalishwa, unapewa kahawa na tende, unaondoka umeshiba lakini habari ya fulani hukuipata. Binadamu ataangalia sura za watu ataelewa kuna jambo. Roboti ya Google haina macho ya kuangalia sura, kwanza inasoma namba. Ukiiambia 200 maana yake umeiambia kitu kipo, sasa mbona ilalamikiwe ikiendelea kukihifadhi?

Na maelezo ya Apache yenyewe yameandika hili wazi, tena yanaongeza kwamba kwa 401, ile ya kuomba neno la siri, ukitumia anwani nzima hata kile kisanduku cha kuandika neno la siri hakitatokea, manake brauza haikupewa ile 401 ya kujua kwamba inaombwa. Nilikuwa sijayasoma. Nilinakili mstari kutoka mahali, kama tufanyavyo wote.

Nikaamua kurekebisha. Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, niko kwa shangazi, simu yangu haina chaji, nikatumia laptopu yake ya Windows ya zamani. Nikaipakua .htaccess, nikaifungua na Notepad, nikabadilisha mstari ukawa:

ErrorDocument 404 /makosa/404.html
ErrorDocument 500 /makosa/500.html

Nikahifadhi kwa UTF-8, nikapandisha, nikafungua saiti. 500, yaani seva yenyewe imeshindwa. Nikafungua peji ya malazi, 500. Saiti nzima imekufa, na adhana ya kwanza inasikika. Na ile peji yangu ya 500 niliyoandika mstari wake pale pale nayo haikutokea, ikaja ile nyeupe ya Kiingereza. Nilivyokuja kufikiri nikaona ni haki, hiyo 500 imetokana na seva kushindwa kusoma .htaccess, sasa itajuaje kwamba ndani ya hiyo .htaccess isiyosomeka kuna mstari unasema peji ya 500 iko wapi? Ufunguo umefungiwa ndani.

Kilichoiua ni Notepad. Matoleo ya zamani ukihifadhi UTF-8 yanatanguliza alama ndogo isiyoonekana mwanzo wa faili, inaitwa BOM. Kwenye barua haina shida. Kwenye .htaccess Apache inaona neno la kwanza la mstari wa kwanza limeanza na takataka, inasema amri hii siijui, inakataa faili nzima. Kwenye logi ya makosa kwa cPanel utaona imeandika amri batili ikifuatwa na herufi za ajabu \xef\xbb\xbf, hizo ndo BOM. Nikatoa faili ya pale nikaandika upya moja kwa moja ndani ya kidhibiti cha faili cha cPanel, mistari michache tu, saiti ikafufuka, nikakimbilia msikitini nimechelewa khutba. Tangu siku hiyo sigusi .htaccess kabla sijatengeneza nakala yake pembeni, inaitwa htaccess-nzima.txt, na iko pale mpaka leo. Pia Notepad ile ile inaweza kukuhifadhia .htaccess.txt bila kukuambia, hapo haitaua kitu, itakaa tu kimya wewe unashangaa mbona hakuna kinachobadilika.

Bas. 404 ikawa 404 ya kweli, curl ikathibitisha. Hapo nikamwambia shangazi kazi imekwisha, akaniuliza swali moja la kawaida tu lililonimaliza. "Sasa yule Mjerumani akibonyeza ile ile linki yake, yuwaona bei?" Nikamwambia hapana, anaona peji nzuri ya kumwambia ukurasa haupo. Akaniangalia. "Lakini bei si ziko?"

Na kweli ziko. Zimehama tu. Mimi muda wote nimeshughulika kupamba jibu la "sipo" wakati jibu sahihi lilikuwa "nimehamia kule". Nikakaa barazani na kikombe cha kahawa chungu nikafungua logi za saiti, nikatoa maombi yote yaliyojibiwa 404, nikaanza kuyagawa kwa mkono. Nilitegemea kazi ya wiki, ikawa kazi ya jioni moja, manake ukiondoa marudio anwani zenyewe si nyingi.

Fungu kubwa lilikuwa la uongo mtupu. Maroboti yanayotafuta wp-login.php na mafaili ya WordPress ile programu ya kutengenezea saiti, ilhali saiti haina WordPress hata chembe, yanabisha kila mlango wa dunia kuona upi haukufungwa. Hayo yaache yapate 404 yao, usihangaike. Fungu la pili ni vilivyohama: vyumba.html, bei.html, unesco.html ambayo ilikuwa inaulizwa sana kuliko hata vyumba, nadhani kuna walimu wameiweka kwenye masomo. Hizi nikaziandikia mstari mmoja mmoja:

Redirect 301 /vyumba.html /malazi/
Redirect 301 /bei.html /gharama/
Redirect 301 /unesco.html /mji/

301 ni kuhama kwa kudumu. Hapa nina onyo, brauza inaikumbuka 301, ukikosea mahali pa kupeleka watu kuna wageni ambao brauza zao zitaendelea kwenda pale pabaya hata baada ya wewe kurekebisha. Kwa hivyo jaribu na 302 kwanza siku moja mbili, ukiridhika ndo uweke 301. Mimi nilijifunza hili kwa sababu mstari mmoja niliuandika kutoka /malazi kwenda /malazi/vyote/, nikasahau kwamba Redirect inashika mwanzo wa njia, na /malazi/vyote/ nayo imeanza na /malazi, kwa hivyo ikawa inazunguka yenyewe kwa yenyewe kama punda wa kinu mpaka brauza ikachoka ikakataa. Nikaufuta, lakini simu yangu iliendelea kuzunguka mpaka nilipofuta kashe, yaani kumbukumbu ya brauza.

Fungu la tatu ni vilivyokufa. Kulikuwa na peji ya ofa ya Maulidi ya mwaka fulani wa nyuma huko, bei maalum, siku maalum. Haijahama, imekwisha. Unaweza kuiacha 404 wala hakuna atakayekushtaki, lakini kuna 410, iliyokuja na HTTP/1.1, toleo la kanuni za brauza na seva kuzungumza, mwaka 1997, ambayo inasema kilikuwepo na kimeondolewa makusudi, usikingoje. Unaandika Redirect gone na njia yake, bila mahali pa kwenda. Kuna watu watakushauri kila kitu kilichokufa ukipeleke peji ya mwanzo. Mimi sikubaliani nao. Mtu ameuliza ofa ya Maulidi unamtupa mlango mkubwa bila maelezo, atazunguka akiitafuta akidhani hajui kutumia mtandao.

Halafu kulikuwa na ramani. Kipeperushi kinasema Ramani.pdf, R kubwa. Faili kwenye seva ni ramani.pdf, r ndogo, nilipoihamisha nilizibadilisha zote kuwa ndogo kwa unadhifu wangu ule ule. Kwenye laptopu ya Windows zote mbili zinafunguka, seva ya Linux inaziona ni watu wawili tofauti. Mstari mmoja wa Redirect ukamaliza, lakini fikiria wageni wangapi wameshuka gatini wakabonyeza ramani wakaambiwa haipo, wakaanza kuuliza watu Mkomani iko wapi na begi mkononi.

Baada ya kugawa hivyo, peji ya 404 ikabaki na kazi ndogo, ya wale waliopotea kweli. Na hapo ndo shangazi akaingia kazini. Nilikuwa nimeandika kwa Kiswahili na Kiingereza kitu kama "Samahani, ukurasa ulioomba haukupatikana. Tafadhali hakiki anwani uliyoandika." Akasoma akakunja uso. "Wamwambia mgeni amekosea? Mgeni yuko mlangoni kwangu, mimi namwambia kakosea ndia?" Nikamweleza ni lugha ya kawaida ya mitandao. Akasema mitandao haina adabu. Tukaandika upya, yeye anasema mimi naandika, ikatoka hivi: "Karibu. Ukurasa huu haupo hapa tena, lakini nyumba ipo na sisi tupo." Halafu linki tatu tu, vyumba, gharama, namna ya kufika. Halafu namba ya WhatsApp, kubwa, ya kubonyeza. Mimi nilikuwa nimeweka kisanduku cha kutafutia, akasema wa nini, mwenye shida aniulize mimi. Na kwa saiti ya peji kumi na kitu yuko sawa, kisanduku cha kutafutia ni cha saiti kubwa.

Chini kabisa akataka maelezo ya kufika, mistari miwili: ukija kwa ndege unashukia Manda unavuka kwa boti, ukija kwa basi unashukia Mokowe unavuka kwa boti, na ukifika gati hakuna gari ya kukupeleka mpaka mlangoni, tupigie tumtume mtu wa mizigo. Nikamwambia shangazi hii ni peji ya kosa si peji ya safari. Akasema mtu aliyepotea anataka ndia, sasa tena utampa nini? Nikanyamaza.

Uzito nao niliuangalia. Picha ya baraza niliyoweka mwanzo ilikuwa kubwa kutoka kwenye kamera moja kwa moja, na mtu aliye kwenye boti na mtandao wa kubahatisha hawezi kungoja picha ili aambiwe ukurasa haupo. Nikaipunguza mpaka ikawa ndogo, CSS nikaiweka ndani. Ya 500 nikaifanya tupu kabisa, HTML na namba ya simu basi, haina PHP (lugha ya programu inayoendeshwa na seva) haina chochote cha kutegemea, kwa sababu ikiwa PHP ndo iliyoharibika na peji yako ya kosa imeandikwa kwa PHP, umeomba msaada kwa mgonjwa. Lakini pia usiifanye fupi kupita kiasi. Zamani Internet Explorer ilikuwa ikiona peji ya kosa haijafika baiti 512 inaitupa inaonyesha ya kwake, na kuna mafundi waliozunguka siku nzima wakitafuta mbona peji yao haitokei. Brauza ile imeshapita lakini nimeacha maneno ya kutosha.

403 ilikuja kwa bahati tu. Nilipokuwa najaribu anwani nikafungua /picha/ bila jina la faili, ikanitolea orodha ya picha zote, pamoja na za wageni ambao sidhani walijua. Nikaandika Options -Indexes kwenye .htaccess, orodha ikafungwa, mgeni anapata 403, nikaiwekea peji yake inayofanana na ya 404 ila maneno yamepunguzwa. Hosti zingine haziruhusu mstari huo kwenye .htaccess na ukiuweka unapata 500, kwa hivyo nakala kwanza.

Kama wewe saiti yako ni ya WordPress, mengi ya haya hayatakugusa kwa namna hii, manake WordPress inameza maombi yote yasiyo na faili na kuyajibu yenyewe, peji ya kosa ni 404.php ndani ya temu yako, yaani muundo wa muonekano wa saiti, na ErrorDocument utakayoandika itakaa pale bila kazi mara nyingi. Na kama umeweka saiti yako GitHub Pages au Netlify, huduma za kuhifadhi saiti, hakuna cha .htaccess wala nini, unaweka faili 404.html kwenye mzizi wa saiti na wao wanaelewa. Ila lile la mkwaju mbele ya njia linakufuata popote uendapo.

Mwezi wa nane nikapita tena Lamu. Kodi ya QR ya kipeperushi cha zamani inafungua bei mpya, ramani inafunguka, Search Console imetulia. Mjerumani alijibiwa kwa simu siku ile ile, alikuja hakuja sijui, sikuuliza. Kilichobaki ni kimoja. Hosti ile mbele ya Apache imeweka nginx, programu nyingine ya seva, ya kutoa picha haraka, na picha ikikosekana nginx inajibu yenyewe bila kuiuliza Apache, kwa hivyo mtu akifungua linki ya picha ya zamani, ya jpg au png, anapata ile ile peji nyeupe na neno nginx chini yake. Kwenye seva ya pamoja huwezi kugusa mipangilio ya nginx, ni ya mwenye hosti. Nimewaandikia, wamenijibu kwamba suala langu limepokelewa. Shangazi hiyo hajaiona bado na mimi sijamwambia.